Igizo Lisilo na Mwisho: sanaa za maonyesho za jamii zinavyofanya kazi, na mahali zinapoharibikia

Kila aliyewahi kuishi karibu na mradi wa maendeleo analijua igizo hili. Msichana wa kidato cha pili anakutana na kijana wa bodaboda. Lifti ya kwanza, lifti ya pili, chipsi mayai, simu ya kupangusa. Baada ya dakika kumi na tano ana mimba. Baba anafoka, mama anaangua kilio, mwalimu mkuu anasoma barua ya kumfukuza shule, na mwigizaji mmoja anawageukia watazamaji kuwaambia kwamba elimu ndiyo ufunguo wa maisha. Makofi. Mgeni rasmi anahutubia kwa muda mrefu kuliko igizo lenyewe, fulana zinagawiwa, gari linaondoka. Kwenye ripoti itaandikwa kwamba watu mia nane "wamefikiwa".

Kati ya hao mia nane, hakuna aliyesikia jambo ambalo hakuwa akilijua tangu asubuhi. Msichana anajua kwamba mimba itamkwamisha. Mama anajua, na kijana wa bodaboda anajua kuliko wote. Asilolijua mtu ni nini hasa kinawezekana kufanyika pale kijijini, na nani wa kukifanya. Igizo halikugusa hapo.

Kazi za namna hii huitwa igizo la jamii, sanaa shirikishi, sanaa za maonyesho kwa maendeleo, jukwaa la mjadala, yote kwa mkupuo mmoja. Lakini chini ya majina hayo kuna mambo matatu tofauti. La kwanza ni igizo la ujumbe: jibu linatoka kwa mfadhili, kikundi kinalivalisha kanga na vichekesho, watazamaji wanalipokea. La pili ni igizo ambalo wanakijiji wenyewe wanachunguza tatizo lao, wanalitunga na kulicheza. La tatu ni igizo linalosimamishwa katikati ili mtazamaji aingie ulingoni na kujaribu njia nyingine. Igizo la ujumbe lina mahali pake. Kipindupindu kikiingia leo, watu wanahitaji kuambiwa wachemshe maji, na hakuna sababu ya kuwaita kwenye mjadala wa wiki mbili. Balaa huanza pale njia ya kwanza inapotumika kwa tatizo linalohitaji ya pili au ya tatu, huku kwenye andiko la mradi likipachikwa neno "shirikishi".

Njia ya pili ina historia ndefu kwetu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Tanzania ilijaa ngonjera na maigizo mafupi ya kuisifu siasa ya Ujamaa, mengi yakiwa ni ya ujumbe tu, kutoka juu kwenda chini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wasanii na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando (Mlama) na Amandina Lihamba wakiwa mstari wa mbele, waligeuza mwelekeo. Badala ya kupeleka igizo kijijini walikwenda mikono mitupu. Malya, Mwanza, mwaka 1982 hadi 1983, wanakijiji walitaja matatizo yao, mimba za wanafunzi likiwa mojawapo, wakayachambua, kisha wakayatungia maonyesho kwa ngoma na hadithi walizokuwa nazo tayari. Usukumani watu wamekuwa wakishindana kwa ngoma tangu enzi za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma. Hakukuwa na haja ya kumfundisha mtu namna ya kusimama mbele ya umati. Mwaka 1996 walimu hao hao walianzisha Tuseme, ambapo wasichana wa sekondari walichambua vikwazo vyao wenyewe kwa njia ya sanaa. Mpango huo ulichukuliwa baadaye na FAWE, jukwaa la wanawake wa Afrika la kuendeleza elimu ya wasichana, na kuvuka mipaka ya Tanzania.

Kenya ilionja makali ya njia hii mapema zaidi. Kamirithu, Limuru, mwaka 1977, wakulima na vibarua walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao na kucheza tamthilia ya Kigikuyu iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, baada ya kuisahihisha mistari yake wao wenyewe. Mazoezi yalifanyika hadharani, hivyo siku ya kwanza ya onyesho watazamaji wengi walikuwa wameyakariri maneno. Onyesho lilianza Oktoba, kibali kikafutwa Novemba, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe ulibomolewa. Tamthilia za kisiasa zilikuwa zimechezwa Nairobi kwa Kiingereza kabla ya hapo. Kilichotisha safari hii ni waliokuwa wakiicheza.

Njia ya tatu inatokana na Augusto Boal wa Brazil, aliyefukuzwa kwao na utawala wa kijeshi. Akiwa Peru mwaka 1973 kwenye kampeni ya kufuta ujinga, alikuwa akiwaruhusu watazamaji wapendekeze suluhisho nao waigizaji walicheze. Mwanamke mmoja hakuridhika. Kila waigizaji walipolicheza pendekezo lake alisema sivyo, sivyo hivyo, mpaka Boal akamwita apande alicheze mwenyewe. Akapanda, na aliyecheza kama mume alikiona cha mtema kuni. Tangu hapo mtazamaji akawa na haki ya kuvuka mstari. Kwetu jambo hili si geni sana: mtani msibani huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake na kuwachokoza wafiwa kwa ukweli ambao mtu mwingine angeusema angepigwa. Utani ni kibali cha kusema. Jukwaa la mjadala linatafuta kibali kile kile.

Sasa kazi yenyewe, hatua kwa hatua, kwa kutumia tatizo lile lile la mimba za wanafunzi.

Kabla ya chochote, ruhusa. Tanzania, barua huenda kwa mtendaji wa kijiji na nakala kwa mtendaji wa kata. Kikundi kiwe kimesajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Kenya, chifu asipojua mapema, mkusanyiko unaweza kuvunjwa hata kama hamkumtaja mtu. Barua ieleze siku zote za kukaa, kwa sababu barua ya siku moja ya onyesho haitawaruhusu kuzunguka siku nne mkiuliza maswali.

Utafiti ndio sehemu inayokatwa kwanza bajeti ikipungua, na ndiyo sehemu ambayo bila yake hamna kitu. Siku tatu au nne kamili, watu wanne hadi sita, wakilala pale pale. Kosa la kawaida ni kumwomba mwenyekiti awakusanyie watu. Atawakusanyia jamaa zake na wajumbe wa serikali ya kijiji, nao watasema lugha ya mikutano. Kosa la pili ni gari. Likija gari lenye nembo ya maji, tatizo kubwa la kijiji litakuwa maji; likija lenye utepe mwekundu, tatizo litakuwa UKIMWI. Watu si wajinga, wanajua mgeni amebeba nini. Afadhali kuteremka kwenye basi kama abiria wengine.

Swali "tatizo lenu ni nini?" halizai kitu. Waulize watu siku yao ilivyokwenda. Kaa na wanawake kisimani au mashineni, na vijana kijiweni, na wazee kwenye bao, kila kundi peke yake, kwa sababu msichana hatasema neno mbele ya mjomba wake. Tembea njia ya kwenda shule kwa miguu, saa ile ile wanafunzi wanayotembea. Hatua hii hurukwa kwenye miradi mingi kwa sababu inamtaka mtaalamu kuamka saa kumi na moja alfajiri.

Jioni, kikundi na wanakijiji watakaocheza wanakaa na kuuliza "kwa nini" mpaka wakwame. Chukua mfano. Kwa nini msichana alipanda pikipiki? Shule iko kilometa saba na hakuna daladala. Kwa nini hakutembea? Kutoka nyumbani ni gizani, na njia inakata katikati ya shamba la mkonge. Kwa nini hakulala bweni? Bweni liliishia kwenye linta. Kwa nini? Michango ilikusanywa misimu miwili na mapato na matumizi hayajasomwa. Kwa nini hakuna aliyedai yasomwe? Hapo watu wananyamaza, na ukimya huo ndio igizo lenu.

Kijana wa bodaboda hajasafishwa. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumpa mimba mwanafunzi Tanzania ni kosa la kifungo cha miaka 30. Fuateni na mnyororo wa pili: kwa nini hajashtakiwa? Kwa sababu wazazi wa pande mbili wameyamaliza nyumbani, pesa au ng'ombe wamehama zizi, na shahidi amepelekwa kwa shangazi wilaya ya jirani. Kila mtu kijijini anaijua hesabu hiyo. Na hakikisheni mambo ya kisheria ni ya leo. Igizo linalomalizikia kwenye barua ya kumfukuza mwanafunzi moja kwa moja linafundisha utaratibu ambao serikali iliubadili Novemba 2021, iliporuhusu waliojifungua warudi shuleni. Msichana mwenye mimba aliyekaa pale kwenye mkeka atarudi nyumbani akiamini mlango umefungwa, na aliyemwaminisha ni ninyi.

Kutunga hakuhitaji mwandishi. Onyesho la nje lisizidi dakika 25, waigizaji wanane hadi kumi na wawili, nusu yao angalau wakiwa wa kijiji kile. Panga matukio matano au sita tu, kila moja likiwa na mtu anayetaka kitu na mtu anayemzuia. Maneno yasiandikwe, waigizaji wakubaliane tukio linaanzia wapi na linaishia wapi, kisha wayazungumze kwa lugha ya nyumbani. Maneno yakiandikwa kwa Kiswahili cha barua, mama aliyekuwa moto wa kuotea mbali kwenye mazoezi atasimama kama anayesoma risala. Siku tatu za mazoezi zinatosha. Zikifika sita, uhai unaanza kupungua.

Sehemu ngumu ni mhusika mkuu. Awe mtu anayejaribu na kushindwa kwa sababu ya makosa yanayoweza kurekebishwa. Akiwa hana namna yoyote, kama vile amefungwa kamba au anaumwa mahututi, mtazamaji hana pa kuingilia, atabaki kuhuzunika tu. Akiwa na jibu sahihi tangu mwanzo, hakuna sababu ya kuingilia. Kwenye mfano wetu, mhusika mwenye nafasi kubwa huenda asiwe msichana kabisa. Huenda akawa mama yake, aliyesimama kwenye mkutano wa kijiji kuuliza habari za bweni, akaambiwa "mama, hilo litajibiwa chini ya mengineyo", akakaa. Kila mtu amewahi kukalishwa hivyo.

Jihadharini na mlevi. Kila kikundi kina mchekeshaji mmoja anayecheza mlevi vizuri mno, na watu wakishamwona hawatazami kingine. Kicheko ni chambo, lakini mlevi akiingia mara tatu ameshalichukua igizo, na asubuhi yake watu watasimulia mlevi tu. Mpeni tukio moja. Na msimchoree mtu aliyeko. Mwenyekiti mwenye kofia ile ile, kikohozi kile kile na pikipiki ya rangi ile ile atafurahisha umati kwa dakika mbili, kisha mjadala utakuwa ni kumhusu yeye, au hautakuwepo. Badili jinsia ya mhusika, umri, hata cheo. Watu wataelewa bila kuonyeshwa kidole.

Uwanja una kanuni zake. Onyesho lianze saa kumi alasiri, si siku ya gulio wala ya Ijumaa mchana, wala msimu wa kuvuna. Watazamaji waipe magharibi mgongo, ili jua liwaangaze waigizaji usoni badala ya kuwachoma watu macho. Waigizaji wawe upande upepo unakotoka ili sauti ibebwe kwenda kwa watu. Duara lenye upana wa hatua nane hadi kumi linatosha. Likiwa kubwa zaidi, ukaribu unapotea. Watoto wakae mbele kwenye mikeka. Wanawake hufika mwisho, wametoka kwenye shughuli, na husimama nyuma kabisa, kwa hiyo acheni njia mbili za kupenya mpaka katikati, la sivyo hakuna hata mmoja atakayeingia ulingoni. Kipaza sauti cha mkononi huua onyesho, maana waigizaji wote hupanga foleni mbele yake kama wanaohojiwa redioni. Bila kipaza sauti, mnaweza kusikika vizuri na watu mia mbili au tatu. Wakizidi, chezeni mara mbili.

Vifaa: kanga moja, helmeti, jembe, daftari la mahesabu. Zaidi ya hapo ni mzigo wa kubeba.

Igizo linasimama pale mambo yanapokuwa mabaya kabisa, bila ufumbuzi. Hapo anaingia kiongozi wa mjadala, ambaye Boal alimpa jina la ile karata isiyo na upande, jokeri. Kazi yake inaonekana rahisi na ndiyo inayowashinda wengi. Asiulize "mmejifunza nini?", kwa kuwa hilo ni swali la darasani na litapata jibu la darasani. Aulize: "Ni wapi huyu mama alikuwa na nafasi, akaiacha?" Kisha anyamaze. Anayenyamaza kwa nusu dakika anaona kama mwaka umepita, lakini watu wanafikiri. Atakayesema "angefanya hivi" asiruhusiwe kuhutubia kutoka alipo. Aitwe, avishwe ile kanga, acheze. Hapo maneno matamu hukutana na ukweli, kwa kuwa mwigizaji anayecheza mwenyekiti anaagizwa asilegee mpaka ashawishiwe kwelikweli. Mzee aliyesema "angedai tu haki yake" akisimama ulingoni na kuambiwa "litajibiwa chini ya mengineyo", naye huketi, watu wakacheka, naye akacheka. Wa nne au wa tano huja na kitu: anaingia na wanawake wengine sita na kukaa mbele pamoja, au anaomba muhtasari wa mkutano uliopita usomwe kwanza. Kila jaribio lisizidi dakika tano. Baada yake jokeri auulize umma: hili lingewezekana hapa kwetu, au tumeota?

Panga muda wa mjadala uwe angalau mara mbili ya muda wa igizo. Hapo ndipo mgeni rasmi huvuruga mambo. Akihutubia kabla, ameshatoa jibu. Akihutubia katikati, hakuna atakayepinga. Kama lazima awepo, mwombeni azungumze mwisho, na mumpe kazi ya kujibu jambo moja lililoibuka. Wanaume wakitawala, jokeri atangaze kwamba majaribio mawili yanayofuata ni ya wanawake, kisha asubiri. Msimsukume mtu.

Kuna jambo litakalotokea ambalo kikundi kisipojiandaa kitafanya madhara. Mtu atasimama na kusema yaliyompata yeye, au baada ya onyesho msichana atamvuta mwigizaji pembeni. Akianza kusimulia hadharani, jokeri amrudishe taratibu kwenye mhusika, "tuseme huyu wa kwenye igizo…", ili asijianike mbele ya watu atakaoishi nao. Afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya awe amejulishwa kabla ya siku ya onyesho, namba ya dawati la jinsia na watoto la polisi iwe mfukoni, na namba 116 ya msaada kwa mtoto, ambayo ni ya bure Tanzania na Kenya, itajwe wazi. Mwigizaji si mshauri nasaha. Asiahidi chochote zaidi ya kumsindikiza kwa anayehusika.

Posho nayo, kwa kuwa ndiyo inayovunja vikundi vingi kuliko siasa. Mwigizaji wa mjini akilipwa na wa kijijini akaambiwa anajitolea, kufikia siku ya tatu mazoezi yatakuwa na watu watano. Lipeni sawa au msilipe yeyote, na kiwango kijulikane siku ya kwanza mbele ya wote. Watazamaji wasilipwe kabisa. Soda na fulana zikitolewa mara moja, kikundi kitakachofuata kitakuta uwanja mtupu mpaka kitoe zake.

Kinachobaki ni daftari. Mtu mmoja wakati wote wa mjadala aandike nani alipendekeza nini, bila majina, akitaja tu "mama wa makamo", "kijana wa kijiweni", na jaribio lipi watu walisema linawezekana. Usiku ule ule lisomwe mbele ya wanakijiji waliocheza, walirekebishe, wachague mambo mawili tu ya kusukuma. Sheria ya serikali za mitaa Tanzania inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukae angalau kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo daftari linapokwenda, likiwa ajenda yenye namba yake, lisizikwe kwenye mengineyo. Barua ya kuomba ajenda iandikwe kabla kikundi hakijaondoka, isainiwe na watu wa pale, nakala moja ibaki kwa mama aliyecheza yule mhusika. Kikundi kirudi baada ya miezi mitatu, bila ngoma wala helmeti, kije kusikiliza mapato na matumizi ya bweni yakisomwa, au kusikia ni nani aliyezuia yasisomwe.